Duka la vifaa vya ujenzi linalouza mchanga kwa mita za ujazo: mapitio ya mteja

Kati ya Tegeta na Bunju, jijini Dar es Salaam, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, maduka ya vifaa vya ujenzi yamepangana kiasi kwamba mteja anaweza kuulizia bei ya mfuko wa saruji katika maduka kadhaa bila kuvuka barabara, na bei atakazotajiwa hazitapishana sana. Duka ninalolipitia hapa linatofautiana na majirani zake kwa jambo moja tu: kila kinachouzwa kwa eneo kimewekewa bei ya mita ya mraba, na kila kinachouzwa kwa ujazo kimewekewa bei ya mita ya ujazo au ya lita, wakiwemo mchanga na kokoto ambao kwingineko kote huuzwa kwa tripu. Sitalitaja jina, kwa kuwa yapo mambo ninayolilalamikia. Nimelitumia tangu nilipoanza kuchimba msingi hadi nilipofika kwenye rangi, na maoni yangu ni kwamba bei zake, ambazo kwa macho huonekana kubwa kuliko za jirani, mara nyingi ni ndogo ukishajua unanunua kiasi gani.

Nianze na mchanga, kwa kuwa ndiko fedha nyingi hupotelea. Bei ya tripu hutegemea gari, na gari laweza kuwa Kenta, Fuso au Howo. Hata mkikubaliana kwamba ni Fuso, mabodi ya Fuso mbili zilizoegeshwa sambamba si lazima yalingane, maana lipo lililoongezewa mbao juu ya kingo na lipo lililobaki kama lilivyoundwa. Hata bodi lilelile halijazwi sawasawa kila siku. Tuseme bodi lina urefu wa mita 3.6 na upana wa mita 2.1 kwa ndani. Mchanga ukifika kimo cha sentimita 90, hapo pana mita za ujazo 6.8, ukifika sentimita 75, pana mita za ujazo 5.67. Tofauti ya sentimita 15, ambayo mtu aliyesimama chini hawezi kuiona, ni zaidi ya mita moja ya ujazo, yaani karibu toroli 19 za lita 60 kila moja, na mnunuzi wa tripu hulipa bei ileile katika hali zote mbili.

Katika duka hili, lori haliondoki uani kabla kijana wa vipimo hajapanda juu na futi kamba. Hupima urefu na upana wa ndani ya bodi, si wa nje, kwa kuwa unene wa mbao na chuma si mchanga. Kisha husawazisha uso wa mzigo kwa koleo na kuchoma nondo nyembamba hadi sakafuni katika pembe nne na katikati, akachukua wastani wa vina hivyo vitano. Namba tatu huandikwa kwenye risiti pamoja na jibu lake, hivyo mteja anayetaka kurudia hesabu kwenye simu yake anaweza kufanya hivyo papo hapo. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, huhakiki malori ya mchanga na kokoto kama unavyohakiki mizani na pampu za mafuta, kwa hiyo utaratibu huu haupaswi kuwa fadhila ya duka moja. Ila ukweli ni kwamba sijauona ukifuatwa kwa namna hii na wauzaji wengi wa njia hiyo.

Hata hivyo, hapa ndipo ninapokuwa na lalamiko langu la kwanza, na ni la msingi. Mita ya ujazo ya mchanga mbichi si sawa na mita ya ujazo ya mchanga mkavu, kwa sababu unyevu kidogo hufanya utando wa maji kuzunguka punje, punje zikasukumana, na mzigo ukavimba kwa moja ya tano au hata theluthi moja, hasa mchanga ukiwa mwembamba. Jambo la kushangaza kwa asiyelijua ni kwamba mchanga uliolowa kabisa hunywea tena na kurudi karibu na ujazo wa mchanga mkavu. Kila mtu anaweza kulijaribu nyumbani kwa kujaza chupa ya kioo mchanga wenye unyevunyevu, kumimina maji hadi yajae, kutikisa, kisha kutazama uso wa mchanga ukishuka. Duka halitoi punguzo lolote kwa sababu hiyo. Nilipomuuliza muuzaji, alijibu bila kuzunguka kwamba bei ni moja masika na kiangazi, akanishauri ninunue baada ya siku kadhaa za jua. Nauheshimu ukweli wake, lakini duka lililojipa taabu ya kuchoma nondo mara tano katika kila lori lingeweza pia kuweka ndoo ya kujaribia uvimbe wa mchanga.

Kwa kokoto hali ni nyingine. Kokoto hazivimbi kwa maji, ila hushikana kwa mtikisiko wa njiani. Mzigo wa kokoto za Lugoba uliopimwa uani hufika kwako ukiwa umeshuka kidogo, na wapo wateja wanaomgombeza dereva wakidhani amepunguza njiani. Duka lingeepusha ugomvi huo kwa kuandika kwenye risiti mahali kipimo kilipochukuliwa.

Uani, karibu na lango, limewekwa boksi la mbao lisilo na kifuniko, lenye mita moja kila upande kwa ndani, na juu ya meza iliyo kando yake pana kopo la bati la mraba lenye sentimita 10 kila upande. Kopo ni lita moja kamili; boksi ni mita moja ya ujazo, na humeza makopo 1,000. Nimewaona watu wazima wakibishana mbele ya vitu hivyo viwili, kwa kuwa macho hayakubali upesi kwamba boksi linalomfikia mtu kiunoni au juu kidogo linaweza kuchukua madumu 50 ya lita 20. Anayelipa bili ya DAWASA ameshalipia maboksi hayo bila kuyaona, kwa sababu uniti moja ya maji ndiyo hiyo mita moja ya ujazo (uniti za LUKU ni habari nyingine kabisa, maana zile hupima nishati ya umeme). Naliona boksi hili kuwa kitu cha thamani kuliko vyote katika duka, ingawa haliuzwi.

Kosa linalorudiwa kaunta kila siku hutokana na kuacha kuliangalia boksi hilo. Mteja anajua kwamba mita moja ni sentimita 100, basi anagawanya kwa 100 popote anapoona neno sentimita. Lakini mita ya mraba ina safu 100 zenye miraba 100 kila moja, yaani sentimita za mraba 10,000, na mita ya ujazo ina matabaka 100 ya namna hiyo, yaani sentimita za ujazo 1,000,000. Sheria ya vipimo iliyopitishwa Ufaransa mwaka 1795 ilikwisha kuifunga lita na mchemraba wa sentimita 10. Baadaye, kati ya mwaka 1901 na 1964, lita ilifafanuliwa kwa ujazo wa kilo moja ya maji, ikawa kubwa kuliko mchemraba huo kwa sehemu 28 hivi katika milioni, tofauti ambayo hakuna muuza mchanga ambaye angeigundua, kabla ya kurudishwa ilivyokuwa mwanzo.

Ili kukwepa kosa hilo, muuzaji ana desturi ambayo ningependa maduka mengine yaige. Alipofika mzee mmoja akiwa na karatasi yenye futi, inchi na sentimita zilizochanganywa, kijana alimwamkia, kisha akamwambia, "Mzee wangu, naomba tugeuze vyote viwe mita kwanza, ndipo tuzidishe." Chumba chake kilikuwa na mita 4 kwa 3.5, na jamvi la zege alilitaka la sentimita 10. Mzee alikuwa tayari ameshazidisha 4 kwa 3.5 kwa 10 akapata 140, akawa anajiuliza atazipata wapi fedha za mita za ujazo 140 za zege. Sentimita 10 zilipoandikwa 0.1, jibu likawa mita za ujazo 1.4.

Hesabu haikuishia hapo, na hapa ndipo huduma ya duka hili inapostahili sifa kuliko bei zake. Zege likishachanganywa na kushindiliwa hupungua, kwa kuwa saruji na mchanga hujipenyeza katika nafasi zilizo kati ya kokoto, hivyo vifaa vikavu hukadiriwa kwa kuzidisha ujazo wa zege kwa 1.54 hivi. Mita 1.4 zikawa karibu 2.16. Kwa mchanganyo wa moja kwa mbili kwa nne, sehemu zote ni saba: saruji ikachukua mita za ujazo 0.31, mchanga 0.62 na kokoto 1.23. Mfuko wa kilo 50 wa saruji hujaza takribani lita 35, yaani mita za ujazo 0.035, kwa hiyo mzee aliandikiwa mifuko tisa. Fundi wake alikuwa amemtajia mifuko mingi zaidi. Sisemi kwamba fundi alikuwa na nia mbaya. Mafundi wengi hukadiria kwa uzoefu, na uzoefu wa mtu anayeogopa kupungukiwa kazini daima huzidisha.

Duka pia linauza boksi la kupimia la mbao lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25, ambalo ujazo wake ni sentimita za ujazo 35,000, yaani lita 35, sawasawa na mfuko mmoja wa saruji. Fundi anayelitumia humwaga mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga na maboksi manne ya kokoto, na uwiano wake hautegemei tena jinsi kibarua alivyoujaza mzigo kwenye koleo au toroli. Nililinunua. Ni zito, vishikio vyake ni vifupi, na misumari ya pembeni ilianza kulegea kabla jamvi halijaisha, ila vipimo vyake vya ndani nilivihakiki na vilikuwa sahihi.

Kwenye marumaru, mambo ni mepesi zaidi, na duka linafanya vizuri. Kila boksi limeandikwa kwa herufi kubwa idadi ya mita za mraba zilizomo, kwa mfano mita 1.44 kwa boksi la marumaru nne za sentimita 60 kwa 60. Chumba cha mita za mraba 14 huhitaji maboksi 9.72, yaani 10, na ukiongeza asilimia kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, yanakuwa 11. Kijana wa kaunta huwaonya wanaotaka kubadilisha ukubwa, kwa sababu wengi hudhani kwamba marumaru ya sentimita 30 ni nusu ya ile ya 60, wakaomba idadi maradufu, ilhali nafasi ya moja hujazwa na nne. Vipande vya pembeni mwa ukuta huuzwa kwa mita ya urefu, na hapo duka halikuandika lolote, hivyo nilimsikia mteja akipigiwa bei ya mita akidhani ni ya mita ya mraba.

Wanaokuja kununua matofali ya uzio huulizwa swali ambalo huwashtua: "Kiwanja chako ni mita au hatua?" Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kikiwa cha mita kina mita za mraba 400 na mzunguko wa mita 80. Kikiwa cha hatua, na hatua ya aliyekipima ikawa sentimita 75, kila upande una mita 15, eneo ni mita za mraba 225, na mzunguko ni mita 60. Kwa uzio wa kimo cha mita 2, hiyo ni tofauti ya mita za mraba 160 dhidi ya 120, na ukikadiria matofali 10 ya sentimita 45 kwa 23 kwa kila mita ya mraba, ni matofali 400 ambayo mtu angeyasafirisha bure. Swali hilo moja, kwa wengine, huleta habari isiyopendeza kuhusu ukubwa wa walichouziwa. Vivyo hivyo kwa eka ya sabini kwa sabini: hatua 70 ndefu, za sentimita 91 hivi, huzaa eneo lililo karibu sana na eka, ambayo ni mita za mraba 4,047, lakini mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, na hatua fupi za mpimaji mwenye haraka hazifiki hata 3,000.

Rangi ndiyo bidhaa iliyonifurahisha kuliko nyingine kuijadili na muuzaji. Kuta za chumba kilekile cha mita 4 kwa 3.5, zenye kimo cha mita 3, ni mita za mraba 45. Ukitoa mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, zinabaki kama 41. Kwa mikono miwili ya rangi, unapaka mita za mraba 82 hivi, na lita moja ikipaka mita 10, unahitaji lita kama nane na robo. Swali ni kama lita kweli inafika mita 10. Muuzaji alieleza kwamba lita moja, iliyo sehemu moja ya elfu ya mita ya ujazo, ikitandazwa juu ya mita za mraba 10 hufanya utando mbichi wa milimita 0.1, anayeahidi mita 20 anakuahidi utando wa nusu ya huo. Tangu hapo, ahadi za kwenye ndoo huzisoma kama unene wa rangi badala ya kuzisoma kama ukarimu wa kiwanda. Ukuta uliopigwa lipu tu, bila kulainishwa, hunywa zaidi, na duka lilinieleza hilo kabla sijalipa.

Matanki nayo huuzwa kwa maelezo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, kwa hiyo paa linalofunika ardhi ya mita za mraba 100 hupokea lita 2,000 katika mvua ya milimita 20, na kwa Dar es Salaam, ambako kwa wastani hunyesha zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, ni lita zaidi ya 100,000, ambazo sehemu yake hupotea kwenye mifereji. Eneo linalohesabiwa hapa ni la kivuli cha paa, si la bati lenyewe. Paa hilohilo likiwa na mteremko wa nyuzi 30 hudai bati za mita za mraba 115 hivi, kabla ya kuhesabu mapishano. Ambalo duka halikulisema ni kwamba tanki la lita 1,000 halikupi lita 1,000. Tanki lenye kipenyo cha mita 1.1 lina kitako cha mita za mraba 0.95, hivyo kila sentimita 10 za kimo ni lita 95. Bomba la kutolea likiwa sentimita 5 juu ya kitako na la kumwagia ziada sentimita 10 chini ya ukingo, lita kama 140 huwezi kuzitumia.

Malalamiko yaliyobaki ni ya fedha. Duka hukadiria mchanga kwa nusu mita, na daima kwa kupanda: mita 6.8 huandikwa 7, na sijaona 6.6 ikishushwa kuwa 6.5. Ukishapima kwa nondo na kuandika desimali, hakuna sababu ya kuitupa desimali hiyo wakati wa kulipa. Usafiri, baada ya yote hayo, hutozwa kwa tripu, iwe lori limejaa au limebeba nusu, jambo linalomwumiza anayejenga kidogokidogo. Foleni ya kaunta siku za Jumamosi ni ndefu kwa sababu ya hesabu zenyewe, na mwenye haraka ya mfuko mmoja wa saruji atapata nafuu kwa jirani. Risiti hutumia herufi CBM kwa mita za ujazo bila kufafanua, na mama aliyekuwa mbele yangu alidhani ni jina la aina ya mchanga.

Ninalipatia duka hili nyota nne kati ya tano. Anayekwenda aende na vipimo vyake vikiwa vimeandikwa kwa mita, aombe risiti yenye urefu, upana na kina, na asimruhusu dereva amwage mzigo kabla hajapanda na kupima mwenyewe ndani ya bodi, kwa sababu mchanga ukishamwagwa chini huwa lundo lisilo na umbo, na duka halipokei lalamiko lolote la ujazo baada ya hapo. Maboksi ya marumaru ambayo hayajafunguliwa hurudishwa na fedha hutolewa, mradi risiti iwepo.